Mpera wa Shemeji

Shemeji yangu ni fundi lipu, mwaka wa thelathini sasa. Kabla hajaufunika ukuta huokota kipande cha chaki, akaandika juu ya tofali mstari mmoja wa shairi lake, kisha mwiko ukapita. Wenye nyumba hawajui. "Waache walale na kwetu ukutani," huniambia.

Shairi ni moja tu, la mtaa walimozaliwa yeye na dada yake. Waliukimbia mwaka wa vita, yeye akiwa na miaka kumi na mitatu, dada yake minne. Mama yao alifariki njiani, na mtaa wenyewe ulivunjwa wote. Dada huyo ndiye mke wangu. Mimi nalinakili kwenye daftari, tarehe pembeni. Mpaka mwezi uliopita zilikuwa beti themanini na sita.

Mke wangu ana kumbukumbu moja tu ya mama yake. Sura haijui, picha hakuna. Anakumbuka mikono miwili makwapani, harufu ya mapera, na jani likimgusa usoni. Ubeti wa kumi na mbili unasema hivyo hivyo, na kitinda mimba ndiye yeye:

*Uani pana mpera, matunda yaning'inia,*
*Mama mwenye njema sura, kitinda akamwinua.*

Mwezi uliopita mjomba wao alitutembelea kwa mara ya kwanza tangu watengane. Jumapili mchana, sebuleni, shemeji akamsomea. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa kila nyumba iliyotajwa. Kufika ubeti wa kumi na mbili, akacheka.

"We mjomba, mpera umeutoa wapi? Uani kwenu hata mchicha haukuota! Saruji tupu na pipa la maji."

"Ulikuwepo," mke wangu akasema. "Mapera yake nimeyala mimi."

"Mwanangu, ua ule niliusakafia kwa mikono yangu hii."

Mke wangu akamgeukia kaka yake. Shemeji alikuwa akikwangua saruji kavu kwenye ukucha.

"Kaka?"

"Nilikuwa na sura ya mama," akasema polepole. "Ikakosa kina mwenzake. Mpera ukaja kuisindikiza. Nilikuwa na miaka kumi na saba, sikujua kama utauhamia."

Mke wangu akainuka, akaenda jikoni. Tukamsikia akisugua sufuria ambayo nilikuwa nimeiosha asubuhi.

Shemeji akanyoosha mkono kwangu. "Lete daftari nifute."

"Ukifuta," sauti ikatoka jikoni, "mama ataninyanyulia wapi?"

Mjomba akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Kunyanyua alikuwa anakunyanyua," akasema. "Kila jioni. Ukuta wa mbele ulikuwa mrefu, na wewe mfupi kama kinu. Anakuinua uchungulie barabarani, baba yako akirudi kutoka kazini. Ukimwona tu, unampiga mama yako mateke ya kifua mpaka anaita watu."

Mke wangu akatokea mlangoni, sufuria mkononi. "Nilikuwa nampiga mateke?"

"Kama punda!"

Akacheka huku machozi yakimtoka, akaketi sakafuni karibu na miguu ya mjomba, akamwambia arudie. Mzee alirudia mara nne, na kila mara mateke yaliongezeka.

Wiki nzima shemeji alihangaika na ubeti mpya, wa ukuta ule wa mbele. Huyu ni mtu ambaye lipu ikivimba kidogo kama punje ya mchele huibomoa. Jumamosi akaniletea karatasi yenye vumbi la chokaa. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena.

"Shemeji, kipande cha mwisho kina mizani saba, si nane."

"Najua. Nimekihesabu mara nyingi kuliko wewe."

"Chomeka kineno kimoja tu, kitimie."

"Kineno kimoja!" Akanitazama kama mwanafunzi mzito. "Kile cha kwanza si kimeota mpaka kikazaa matunda? Kiache kipungue. Hivyo ndivyo mjomba alivyosema, na hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Nimeunakili kama ulivyo, kwenye ukurasa unaotazamana na mpera. Jioni mke wangu hulifungua daftari, akasoma mpera kwanza, kisha ukuta. Akifika pale panapopungua, husimama kidogo, kama mtu anayesubiri kuinuliwa.