Mpira Uliopotelea Kwenye Pamba

Mimi ni mpiga picha mjini Bariadi, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwaambia watu wasitikisike. Harusi, kipaimara, picha za vitambulisho: simama wima, shusha mikono, kidevu juu, tulia. Nina sauti kali, najijua, na sidhani kama kuna mtoto wa mji huu aliyewahi kukaa kwenye kigoda changu akathubutu kujikuna pua.

Kwa hiyo mwalimu mmoja kijana aliponiomba niwe nawapiga picha wanafunzi wake wa besiboli kila Jumamosi, nilikubali nikidhani ni kazi ya mteremko. Mchezo wenyewe sikuujua. Alinieleza kwamba mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha huyo aliyepiga anatimua mbio kuzunguka vituo vinne kabla mpira haujarudishwa. Vituo vyao vilikuwa viroba vilivyojazwa udongo, na uwanja ulipakana na shamba la pamba. Nikamuuliza, "Na ng'ombe je, mwalimu, wao wanacheza upande gani?" Alicheka kwa adabu tu.

Jumamosi ya kwanza niliwavurugia mchezo. Nilikuwa nimechuchumaa karibu na kituo cha mwisho, na binti mmoja mwembamba, mwenye miguu mirefu, akawa anakuja kasi. Nikainua kamera. Akaiona. Akasimama palepale katikati ya mbio, akashusha mikono, akainua kidevu, akanitazama bila kupepesa macho. Mpira ukarudi, wakamgusa nao, akatolewa. Wenzake walimzomea hadi nikamwonea huruma.

"Sasa umesimama kwa nini?" nilimuuliza.

"Si ulikuwa unanipiga picha, mama?"

Kwetu picha ni jambo la heshima, na mwenye kutikisika anaiharibu. Wengi wao walikuwa wamefundishwa hivyo na mimi mwenyewe, pale kwenye kigoda. Niliwaambia wanichukulie kama nguzo ya goli, na baada ya muda wakazoea. Yeye hakuzoea. Kila nikimlenga, anaganda.

Tungeishia kucheka tu, kama si bibi yake. Timu ilikuwa imealikwa kwenye mashindano Mwanza, na binti huyo alikuwa hodari kuliko wote, wavulana kwa wasichana. Lakini bibi aliyemlea, ambaye anaishi upande wa Mwandoya, alikuwa amekataa katakata. Mwalimu alikwenda kumbembeleza, akarudi na jibu kwamba mjukuu wake haendi popote kwenye mchezo wa magongo. Kama wanataka afikirie upya, wampelekee picha aone kwa macho yake huko uwanjani watoto wanafanyiana nini. Maneno ya walimu alikuwa ameshayasikia ya kutosha.

Binti mwenyewe hakunisumbua. Wakati wa mapumziko alikuja kukaa karibu yangu na kuuliza kwa sauti ndogo, "Mama, imepatikana?" Nilikuwa na picha zake chungu nzima, na katika zote amesimama kwenye vumbi kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Bibi gani angeelewa kitu hapo? Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia kamera, nikalikasirikia hata jua.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari walikuja vijana kutoka Maswa. Pamba ilikuwa imepasuka, shamba zima jeupe. Binti akashika gongo, akaupiga mpira kwa nguvu ambayo sijui aliificha wapi katika mwili ule, ukapaa juu ya vichwa vya wote ukaenda kuzama kwenye pamba. Mpira mweupe! Vijana wa Maswa wakaingia shambani, wameinama kama vibarua wa mavuno, wanapapasa, na kila wanachokishika ni pamba. Mwalimu wao akawa analalamika kwamba hii si haki. Wetu akasema shamba ni sehemu ya uwanja, watafute tu.

Binti alikuwa ameshapita kituo cha pili, mara cha tatu. Nikasahau kilichonileta. Kamera ilikuwa mkononi, kifuani, sikuitazama, na nilikuwa nimesimama nikipiga kelele, "Kimbia! Kimbia, mwanangu, kimbia!" Aliponiona ninavyorukaruka, mtu mzima mimi na kitenge kinanidondoka, aliangua kicheko, na hakusimama. Kidole changu kilibonyeza chenyewe kwa mazoea.

Picha ilitoka imekwenda upande. Nusu yake ni udongo. Miguu yote miwili iko hewani, kofia imeruka, mdomo uko wazi hadi magego yanaonekana. Studio kwangu ningeifuta bila kufikiri, lakini sikuwa na nyingine, kwa hiyo niliisafisha hivyohivyo nikaipeleka Mwandoya mwenyewe.

"Mwangaluka, mayu," bibi alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama. Alikuwa anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha. Akajifuta mikono, akaisogeza picha karibu na macho, akakaa nayo muda mrefu.

"Nani anamfukuza?"

"Hakuna, bibi. Anakimbia mwenyewe."

Akaweka kidole kwenye gongo lililolala chini pembeni. "Na hili?"

"Ni la kwake. Ameupiga mpira nalo, akalitupa."

"Hapigwi nalo?"

"Hapigwi, bibi."

Akarudisha kidole kwa binti. "Mayu, huyu alipoletwa hapa, akimwona hata mchunga ng'ombe na fimbo yake alikuwa anajificha nyuma ya nyumba. Baba yake alimpiga mno. Sijawahi kumwona anakimbia huku anacheka." Akaifunga picha kwenye pindo la kanga yake, nami sikuthubutu kuidai. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wa michembe iliyokwisha kukauka.

Namshukuru Mungu kwa siku ile, na namshukuru yule mwalimu aliyenitoa studio. Nimepiga picha nzuri nyingi, lakini hakuna niliyowahi kuifurahia kama ile mbovu.

Niliporudi mjini, binti alikuwa ananisubiri mlangoni pa studio. Safari hii hakuuliza kitu. Aliuona mfuko, akaufungua, akaitambua michembe ya bibi yake, iliyokatwa nyembamba, akiba ya njiani ya mtu anayekwenda mbali, akaikumbatia na kulia kwa furaha.