Panya wa Mkanda wa Saa

Ni panya gani anayetafuna ncha ya mkanda wa saa na kuacha mahindi yaliyojaa ghalani? Nilipokuwa mdogo kule Kanyakine nilimuuliza nyanya swali hilo mara nyingi, na jibu lake lilikuwa moja: "Panya wa hapa hawajasoma kama wewe." Sikuridhika. Hata leo siridhiki na mengi.

Juzi mkanda wa saa yangu ulikatika nikiwa sokoni Gakoromone. Muuza mikanda alikuwa ametandika gunia lake kando ya wauza viazi. Akanionyesha wa chuma unaovutika kama raba, wa kulabu ndogo, na wa chuma unaojikunja na kulia ta! unapofungika.

"Siste, chukua huu wa kujikunja. Hata ukiwa unaishi peke yako, hauhitaji msaidizi."

Alijuaje kwamba naishi peke yangu? Nikachukua wa ngozi, wenye bizimu kama ya mshipi wa suruali. Akatikisa kichwa. Hakujua ninachokumbuka.

Mama aliniacha kwa nyanya akaenda Nairobi kutafuta kazi. Asubuhi ya kwanza nilikaa jikoni kwenye moshi, uji wa wimbi mbele yangu ukapoa mpaka ukashika utando, nisiuonje. Nyanya hakunibembeleza. Alininyooshea mkono, saa ikining'inia.

"Nifungie. Bizimu hii haifungwi na mtu mmoja, na gari la maziwa halitaningoja."

Nikapitisha mkanda, nikaingiza ulimi wa bizimu tunduni.

"Sasa kunywa uji, mfanyakazi wangu."

Nikanywa.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Ng'ombe walikamuliwa bila mimi, majani chai yalichumwa bila mimi, lakini nyanya hakutoka nyumbani mpaka nimemfungia saa. Ngozi ile ilinukia maziwa na moshi. Siku ambazo mama alisema atakuja na hakuja, nilikawia kuifunga makusudi, ili niushike ule mkono kidogo zaidi. Nyanya alitazama barabara, akajifanya hana haraka.

Halafu siku moja mama akaja kweli, na mkate, na mkanda wa saa wa chuma unaojikunja. "Mama, huu utajifungia mwenyewe," akamwambia nyanya.

Akijifungia mwenyewe, mimi nimebaki hapa kwa kazi gani?

Nyanya akaugeuzageuza. "Hizi ni pingu. Kwani nimeiba ng'ombe wa nani?"

"Lakini Mama, huo wa ngozi umeliwa na panya!"

"Mwache ale. Hata yeye ana tumbo."

Mama alicheka, akarudi Nairobi na pingu zake.

Nilipokaribia kwenda shule ya bweni, nyanya alinunua mkanda mpya wa ngozi, laini, usio na alama hata moja. Niliufunga asubuhi ile kwa mara ya mwisho, tukaachana langoni. Niliporudi likizo nikaukuta umetafunwa ncha, vilevile kama ule wa zamani. Nikatega mtego karibu na kitanda chake. Hakuna panya aliyenaswa. Nyanya akanicheka, kisha akaninyooshea mkono nimfungie.

Siku hizi gari la maziwa halipiti tena kwetu, na jiko lile limebaki mafiga matatu kwenye nyasi. Katika chumba changu cha kupanga naubana mkono kwenye ukingo wa meza, nikihangaika na bizimu, na mara nyingi natoka nimechelewa.

Baada ya mazishi ya nyanya nilimsimulia jirani yake habari za yule panya.

"Panya gani, mwanangu? Nyanya yako alikuwa akijifungia saa kwa meno, njiani, mtungi wa maziwa ukiwa mgongoni. Alifanya hivyo kabla hujaletwa, na ulipoenda shule akaanza tena."