Gazeti la Mji Wenye Taa Moja

Kuna mji mdogo huko Amerika, katikati ya mashamba ya mahindi, ambao naujua kuliko ninavyoijua Birmingham, na sijawahi kuukanyaga. Una taa moja tu ya kuongozea magari. Una ghala refu la nafaka, kinyozi mmoja mwenye figo mbovu, na watu ambao wakipishana barabarani huinua kidole kwenye usukani kusalimiana, wawe wanajuana au hawajuani. Mtu akiugua, kina mama humpelekea chakula katika bakuli lililobandikwa jina chini, ili lirudi kwa mwenyewe. Nilipenda sana mambo hayo, maana yalifanana na ya kwetu.

Mchumba wangu alikwenda kusoma huko mwaka ule ule nilioanza mafunzo ya uuguzi Birmingham, miaka ya sitini ikielekea mwisho. Wajomba zake walikuwa wameshafika kwetu na mbuzi, baba amepokea, imebaki harusi tu. Tulikubaliana kwamba nikimaliza mafunzo nitamfuata.

Alipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, na bibi huyo alikuwa na moyo. Aliposikia niko peke yangu Uingereza, akaanza kunitumia gazeti la mji wao kila mwezi, amelikunja na kulifunga kamba pamoja na barua fupi, nami nikimjibu kwa shukrani. Jamani, gazeti lile! Kurasa nane, siasa hakuna. Nani kamtembelea dada yake Jumapili na wamekula nini, nani kapasuliwa, ng'ombe wa nani kazaa pacha. Mimi nilikuwa nikiishi Handsworth, mtaa wa Birmingham, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na jirani yangu wa kushoto hakuwahi kunisalimu hata siku moja. Mwenye nyumba wetu, Kalasinga mzaliwa wa Nairobi, ndiye aliyekuwa akiniita kutoka chini: "Dada! Gazeti yako ya shamba imefika!" Basi napanda nalo chumbani, nawasha hita ya mafuta ya taa, nasoma mpaka matangazo ya matrekta. Yule kinyozi nilimwombea figo yake kanisani, kwa jina. Mnacheka? Nilishajihesabu mtu wa kule.

Nilipofuzu, nikaandikiwa kutoka nyumbani kwamba kuna nafasi ya kusimamia wodi katika hospitali ya wilaya. Nikaikataa. Mama aliandika mara mbili kunisihi, nami nikamjibu kwa kiburi kwamba njia yangu ni ya Amerika. Wakati huo barua za mchumba zilikuwa zimeanza kuwa fupi. Mara mitihani, mara theluji. Nikamwamini. Mjinga mimi!

Gazeti lile likafika Jumamosi moja asubuhi, nikiwa ndio kwanza narudi zamu. Ukurasa wa tano, harusi. Harusi huko huandikwa kwa urefu: gauni limeshonwa na nani, keki kaoka nani, nani katoka mbali na nani kakosekana. Na pichani alikuwa yeye, mchumba wangu, ndani ya suti nisiyoijua, kando yake msichana mwenye shela, meno yote nje. Nilisoma nimesimama, koti bado mwilini. Bibi harusi alikuwa mpwa wa yule bibi. Na mwisho kabisa, kwenye jamaa waliokosekana: dada wa bwana harusi, muuguzi huko Birmingham, Uingereza, hakuweza kufika kwa sababu ya kazi.

Dada! Shenzi kabisa. Kuoa, haya, ameoa. Lakini kunifanya dada yake, tena mji mzima usome! Na udhuru wametunga kwa niaba yangu! Nililia kwa hasira mpaka Kalasinga akapanda ngazi kuniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia ndiyo.

Mchumba sikumwandikia. Nilimwandikia bibi, nikidhani kadanganywa kama mimi. Nikamweleza yote: wajomba, baba, miaka minne ya kungoja. Nikamwomba kitu kimoja tu, aniambie kwamba hakujua. Mwanamume nilishamtema. Mji ule na watu wake ndio nilikuwa bado nawang'ang'ania, maana sikuwa na wengine.

Jibu lilichukua wiki tatu. Karatasi moja, mwandiko wake ule ule wa taratibu.

"Mwanangu," aliandika, "alituambia wewe ni dada yake, lakini nilijua si kweli tangu mwanzo wa uchumba wao. Picha yako ilikuwa kando ya kitanda chake, na alipoanza kutoka na mpwa wangu akaiondoa. Picha ya dada haiondolewi. Lakini msichana huyu nimemlea mimi, na alikuwa akimpenda. Lile neno dada nililipeleka gazetini mimi mwenyewe, nikiona litakupunguzia aibu. Tafadhali usiache kuniandikia. Nimekuzoea."