Siku Mama Alipoongoza Mashua Kwenda Gozo

Sisi watoto wa Wakenya tuliolelewa Manassas, karibu na Washington, tunajua likizo ilikuwa nini. Ilikuwa kulala kwenye zulia kwa binamu zako kule Maryland, kula ugali na sukuma wiki mpaka ufungue kifungo, halafu mama anakwambia, "Umeshatembea, sasa shika kitabu." Kwa hiyo Baba aliposema tunapanda ndege kwenda Malta, kwenye harusi ya Shangazi Nyaboke, mimi na mdogo wangu Mogaka tulipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari lake kwa ufagio.

Shangazi alikuwa akitunza wazee huko Malta, na huko ndiko alikompata Salvu, seremala wa kisiwa kidogo cha Gozo, ambako harusi ingefanyika. Salvu alikuwa na mashua ya tanga aliyoipenda kama mwanawe. Watu huvuka kwenda Gozo kwa feri kubwa inayobeba magari, lakini yeye alikataa katakata. Wakwe zake hawangefika kwao kama mizigo, angetuchukua mwenyewe.

Baba alikubali upesi. Sijaona Mkisii mwingine aliyejiamini majini kama yeye. Kila maua ya micheri yalipochanua Washington alitukodishia kile kiboti cha kupiga pedali, tukazunguka pale pale mpaka miguu ikauma, na basi akajihesabu baharia. "Maji mimi nayajua," alimwambia Salvu. Mama, aliyezaliwa milimani na aliyelitazama kwa mbali hata bwawa la kuogelea la fleti zetu, alivaa jaketi lake la kuokolea tukiwa bado ndani ya teksi.

Tuling'oa nanga bahari ikiwa laini. Salvu alitugawia vitumbua vyao vya jibini, vya moto bado, mafuta yakatuchuruzika hadi kwenye viwiko. Baba alisimama karibu na mlingoti, mikono kiunoni, akitufundisha mambo ambayo nadhani aliyabuni hapo hapo.

Kisha upepo ukageuka. Salvu alitazama kaskazini, akaacha kutabasamu. Wimbi la kwanza likatulowesha sote, la pili likatuinua, likatuangusha upande wa pili. Mashua ililala ubavu. Baba aliketi pole pole, rangi ikamtoka, akatapika vitumbua vyote. Mogaka alinikumbatia shingoni, naye akanitapikia begani. Sikumsukuma. Nilimshika tu.

Salvu alipojaribu kupunguza tanga, kamba ilimponyoka ikamchuna kiganja, damu ikatiririka. Alikuwa na kazi mbili, na mkono mmoja tu mzima. Alituangalia mmoja mmoja. Baba alikuwa ameinamia maji. Sisi tulikuwa watoto.

"Mama, unaendesha gari?" akamuuliza.

"Kila siku," Mama akajibu.

"Njoo ushike usukani. Unaona kuba la kanisa pale kilimani? Lielekee. Usiliache."

Nilidhani Mama atalia. Badala yake alitambaa kwa magoti mpaka nyuma, akaushika ule usukani kwa mikono miwili, akakunja uso vile vile alivyoukunja kwenye barabara ya 66 siku za theluji, malori yakimpita pande zote. Akaanza kuyasemesha mawimbi kama alivyoyasemesha malori hayo: "Pita basi, pita! Unakimbilia wapi? Nani amekupa leseni wewe?"

Mogaka akacheka katikati ya kilio. Baba aliinua kichwa. "Mama Kemunto, shika kushoto kidogo," akasema, akimwita kwa jina langu mimi kifungua mimba.

"Wewe tapika, mimi niko kazini!"

Labda neno kazi ndilo lililomwamsha, maana Baba alikuwa nesi. Alijivuta mpaka kwa Salvu, akavua tai yake mpya ya harusi, akaufunga ule mkono vizuri, huku akigeuka kila mara kutapika na kurudi. Mwishowe tanga likashushwa, injini ikakohoa ikawaka, na kuba lile likaanza kukua mbele yetu. Nilikuwa nimeogopa kweli. Nilikuwa nimeshaanza kuomba msamaha kwa Mungu kwa mambo ambayo Mama hakuyajua.

Shangazi alikuwa gatini, akilia na kucheka. Salvu alimwambia kwamba nahodha ni wifi yake. Mama alishuka, akapiga magoti, akaushika ukuta wa mawe wa gati kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Kwenye harusi alicheza mpaka wazee wa Gozo wakamtengea uwanja. Tuliporudi, Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya feri.

Wenzangu, siku hizi nina watoto wangu. Majira ya joto yaliyopita niliwapeleka Annapolis kupanda mashua. Walikuwa wameshakagua hali ya hewa ya kila saa, wakameza vidonge vya kichefuchefu, kisha wakainamia simu zao safari nzima. Kiwimbi kidogo kilipotupiga, mkubwa aliniuliza kwa Kiingereza kama kuna pahali pa kuchaji. Nilicheka, lakini nikajikuta nimenyoosha mkono upande ambao mdogo wangu angekaa.

Mogaka sasa anaishi Shaw, mimi Columbia Heights, humo humo Washington. Ni vituo viwili tu vya treni, na mwezi unaweza kuisha hatujaonana. Tunatumiana vikatuni vya moyo kwenye simu. Enzi zile, ili unitenganishe na yule mtoto, ungehitaji watu wawili wa kumbandua shingoni mwangu.