Banda Lisilotaka Sufu

Rowland Toone alikuwa na sheria moja ambayo hata mchungaji hakusamehewa: hakuna kuingia bandani kwake na sufu. Ukija na sweta, unalivua mlangoni unalitundika kwenye msumari, hata kama ni Januari na maji ya ndege yameganda kwenye beseni la bustani. Watu walimcheka. Huu ni mji wa Hinckley, uliofuma soksi za nusu ya Uingereza. Mtoto alipozaliwa hapa alipokewa kwa sufu, na mzee alipokufa alizikwa na sufu miguuni.

Lakini sababu alikuwa nayo. Ndani ya mita ya zamani ya kupimia umeme, ile nyeusi, nzito, yenye mshale nyuma ya kioo, mna sumaku, na katikati ya sumaku mna koili ndogo ya waya inayozunguka kwenye mwanya usiopitisha ukucha. Unyoya mmoja wa sufu ukidondoka humo, mshale unakwama, na mtu anaambiwa hakuna umeme mahali ambapo umeme upo. Rowland aliwahi kutumia alasiri nzima kutafuta unyoya wa namna hiyo, akaupata, akaubandika ukutani kwa gundi chini ya jina la mwenye sweta.

Aliyeumizwa na sheria hiyo ni mkewe, Avis, ambaye sindano za kufumia hazikumtoka mkononi. Alikuwa akimletea chai, anagonga, anaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya mlango, anarudi zake. Aliniambia mara moja kwamba analijua lile banda kama mtu anavyoijua benki: kwa mlango wake.

Mimi ni jirani yao wa ukuta mmoja tangu viwanda vikiwa bado vinapiga king'ora. Avis alikuwa akiunganisha vidole vya soksi katika kiwanda cha mtaa wa pili, kazi ya kuchomeka kila kitanzi cha uzi kwenye msumari wake, kitanzi kwa kitanzi, kwenye gurudumu ambalo halimsubiri mtu. Kiwanda hicho sasa ni nyumba za kupanga. Vijana wanaoishi mle wamejaza baiskeli kwenye vibaraza vya vioo, nao soksi zao zimetoka nchi ambayo hawawezi kuitaja. Zikitoboka wanazitupa. Nimeziona kwenye pipa, tundu dogo tu kisiginoni, nikapita nikiwa nimekasirika kama mtu aliyetukanwa.

Rowland alikuwa fundi wa mitambo ya simu, akastaafu mitambo hiyo ilipong'olewa. Wenzake wa rika lile walikusanya redio. Yeye aliona redio ni kelele. Alichopenda ni vile vyombo ambavyo fundi alipimia redio. Alikuwa na mita za kila umbo. Alikuwa na osiloskopu, mashine za kuchora umeme kwenye kioo, kubwa kama kabati la vyombo, za vali za zamani, ambazo ukiziwasha unasubiri zipate moto ndipo ule mstari wa kijani unajitokeza kwenye kioo polepole, kama mtu anayeamka. Alizinunua zimekufa, zina panya ndani, akazisafisha kwa brashi ya rangi, akabadilisha kapasita zilizovimba, akalehemu, akazipima, akazipima tena. Hakuziuza. Zikishapona aliziweka kwenye rafu na kuziwasha kila baada ya muda, kama unavyomtoa mbwa matembezi.

Alhamisi moja kila mwezi wenzake walikutana kwenye ukumbi wa kanisa la Wamethodisti, wakala biskuti na kubishana. Wakati mwingine mmoja alileta mita yenye mshale uliopinda.

"Uliidondosha," Rowland alikuwa akisema kabla hajaifungua.

"Wala, Rowland. Iliteleza tu."

"Mita haitelezi. Mita haina miguu."

Kisha aliitengeneza, na akairudisha imefungwa kwenye gazeti, bila kudai hata asante.

Mikono ilianza kumtetemeka vuli moja. Mwanzo niliisikia kabla ya kuiona: kikombe chake kikigonga kisahani. Aliacha kutumia kisahani. Akaacha kuja kupeana mikono kwenye ua, akawa ananiinulia kidevu. Daktari alimpa jina la ugonjwa na vidonge, naye akaviweka kwenye droo ya bisibisi, Avis akawa anavitoa humo na kusimama mbele yake mpaka ameze.

Kisha siku moja nikiwa ninakata waridi nilisikia kishindo bandani. Nilichungulia juu ya ukuta. Alikuwa amesimama mlangoni, mita mikononi, ile yake ya ujana, aliyokuwa akizipimia nyingine zote. Ndiyo aliyoiamini. Mita yoyote ikibishana nayo, ile nyingine ndiyo iliyokuwa mgonjwa.

"Iliteleza," alisema.

Nikarudi kwenye waridi zangu.

Alijaribu kuitengeneza siku kadhaa. Halafu akampigia simu Pratley, mtu wa Nuneaton mwenye gari la mizigo, anayekusanya vyombo vya marehemu na kuvikata kuuza vipande. Akamwambia aje Jumamosi achukue vyote, hata rafu.

Avis alikuja kwangu siku iyo hiyo, hakuketi.

"Unamkumbuka Wilf?" aliniuliza.

Wilf alikuwa kaka yake Rowland, mfugaji wa njiwa wa mashindano. Alipochoka kupanda ngazi ya tundu aliwauza njiwa wote kwa mpigo mmoja, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti akitazama dirisha. Hakuugua kitu. Majira ya kuchipua yalipofika tulimzika.

"Rowland ameshakisogeza kiti chake dirishani," Avis alisema. "Jana. Akasema mwanga ni mzuri pale. Mwanga gani, dirisha linatazama mapipa! Nimelichukia lile banda maisha yangu yote, jirani. Leo ndicho kitu pekee ninachokitaka. Njoo unishikie taa."

Tulimkuta amekaa mbele ya meza yake, amejifunga mikono kwapani. Koili alikuwa ameshaitoa, imesimama kwenye kishikio cha shaba, ndogo kama jino la mtoto. Sumaku ameifunika kwa kipande cha chuma upande wa pili wa meza, isipoteze nguvu. Avis alisimama kizingitini. Akavua sweta. Ndani yake alikuwa na sweta jingine, akalivua hilo nalo. Akabaki na gauni la pamba, mabega yake yamesinyaa kwa baridi.

"Haya. Bado kuna unyoya, au nivue na ngozi?"

"Avis, utapata homa."

"Nipe kitu nivae basi, unanitazama nini?"

Alimpa koti lake la kazi la nailoni. Mikono ilimfunika mpaka kwenye vidole, akaikunja. Nikawasha taa, nikaishika juu ya meza. Rowland alimweleza shida, kwanza kwa aibu, baadaye kwa ile hamu ya mtu anayependa kueleza. Chini ya koili kuna springi, nyembamba kuliko unywele, imejizungusha kama konokono. Ndiyo inayourudisha mshale kwenye sifuri. Kishindo kiliyarusha maduara yake yakapandana. Naye katika kuyatenganisha ameyavuruga zaidi.

"Naona," Avis alisema, jicho kwenye lenzi. "Ni kitanzi kimeruka."

"Siyo kitanzi, ni springi."

"Kimeruka kikakaa juu ya mwenzake. Kwetu tuliita kitanzi. Nipe kibano."

"Hicho cha shaba. Shika kwa ncha. Usiibane springi, isukume tu. Anzia nje. Usipumulie. Mkono wako wa kushoto..."

"Rowland."

"Nini?"

"Nilikuwa na msimamizi kiwandani aliyenisemea sikioni hivyo. Siku moja nilimshonea tai yake kwenye soksi. Alirudi nyumbani hivyo hivyo."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Jirani, hiyo taa mbona inacheka? Ishike vizuri."

Alianza. Nimeishi na watu wa mikono maisha yangu yote, na sikuwahi kuona mikono ya bibi yule ikifanya kazi ya kiwandani, kwa sababu siku zake za kazi mimi nilikuwa zamu nyingine. Vidole vina baridi yabisi, vifundo vimevimba kama tangawizi, lakini ncha zake zilitembea. Duara la kwanza lilitoka. La pili likatoka. La tatu likateleza, likajipinda upande, na sote watatu tukaliona likijipinda.

Rowland alifumba macho. "Basi," alisema polepole. "Umejaribu, mpenzi. Basi."

"Sijasema basi."

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake, akatoa kikulabu kidogo chenye mpini wa mfupa, kile walichookotea uzi uliotoroka kwenye soksi. Rowland akaruka.

"Hicho ni chuma! Sumaku, Avis!"

"Sumaku iko kule, koili iko hapa. Umenieleza mwenyewe sasa hivi. Au ulidhani sisikilizi?"

Nadhani kweli alidhani hivyo.

Kwa kile kikulabu alilipitia lile duara chini, akalinyanyua, hakulivuta, akalisubiri. Akalinyanyua tena. Likarudi mahali pake. Akaendelea na la nne. Baridi ilikuwa imempanda mpaka midomo, na Rowland, ambaye muda wote alikuwa ameficha mikono, aliitoa, akamwekea mgongoni. Ilimtetemekea pale juu ya koti la nailoni, likawa linachakarika kama majani makavu. Avis hakumwambia aitoe. Alichofanya ni kungoja mtetemo upungue kila alipotaka kusogeza kikulabu, kama wanavyongojana watu wanaokata gogo kwa msumeno mmoja.

Kuirudisha koili ilikuwa kazi ya mkono wa Avis na macho ya Rowland. Koili inasimama juu ya ncha mbili zilizoingia kwenye vijiwe, na skrubu ya juu ukiikaza mno mshale unakuwa mvivu, ukiilegeza unayumba. Hakuna kitabu kinachosema ni kiasi gani. Rowland aliuinamia mshale, akaupulizia pumzi kidogo, akautazama unavyokwenda na unavyorudi.

"Mzito. Rudisha nyuma. Zaidi. Aa, umezidisha, sasa amelewa. Nusu ya hiyo."

"Nusu ya kitu nisichokiona."

"Hivyo hivyo. Hapo! Usiguse. Hapo hapo."

Rowland aliifunika mita kwa kioo chake, akaunganisha nyaya kwenye betri mpya na kwenye chombo kingine alichoazima kwa mwenzake wa Alhamisi, chombo kilichothibitishwa kuwa kinapima kweli. Mshale ukapanda. Ulipanda vizuri, bila kukwama, ukasimama. Avis alivuta pumzi kama mtoto, na mimi nilishaanza kusema hongera.

"Ngoja," Rowland alisema.

Akabadilisha kipimo, akasoma juu, akasoma chini, akasoma katikati. Akarudia katikati. Nilimwona Avis akimtazama usoni, na nilijua anachoomba: kwamba kwa mara moja katika maisha yake mwanamume huyu aseme uongo.

"Iko sawa?" aliuliza.

Rowland aliukodolea macho mshale. Angeweza kusema ndiyo, na wote tungeenda kunywa chai, na Jumamosi Pratley angekuja avichukue vyote, kazi ikiwa imekwisha.

"Hapana," alisema. "Juu iko kweli, chini iko kweli. Katikati inadanganya. Kidogo sana, lakini inadanganya. Duara moja halijakaa sawa. La tatu."

Nikaishusha taa. Nilidhani yamekwisha.

Avis alijifuta pua kwa mkono wa koti. "La tatu," alisema. "Nililisikia hata mimi. Nilikuwa na haraka, vidole vimekufa ganzi. Kesho tutafungua tena, ila utaleta hita ya jikoni, sikai tena humu kama samaki kwenye barafu."

"Kesho una darasa la kanisa."

"Kanisa lina wengine."

"Inaweza isikubali na kesho."

"Basi keshokutwa." Alikuwa ameshaanza kupanga vibano kwa ukubwa, akamwondolea kimoja kilichopinda akakitupa kwenye ndoo. Rowland alikiokota, akakitazama, akakirudisha kwenye ndoo.

Jumamosi Pratley alikuja na gari lake kubwa, akaligeuzia nyuma mpaka kwenye lango lao na kulivunja tawi la mwaridi wangu. Akagonga mlango wa banda. Nilikuwa uani, nikayasikia yote.

"Avis, mwambie," ilisema sauti ya Rowland.

"Mikono yangu ina kazi. Mwambie mwenyewe."

Mlango ulifunguka kidogo, wakasemezana, ukafungwa. Pratley alibaki amesimama kwenye nyasi, kofia mkononi, akitazama ule mlango kana kwamba utabadilisha maneno. Akaniona.

"Mzee amebadili mawazo?" aliniuliza. "Aliniambia amemaliza na haya mambo."

"Hajamaliza," nilimwambia, na nikamwonyesha njia ya kutokea bila kuligusa lile waridi.