Do ya Baba

Majani ya mkaratusi yakichemshwa hutoa harufu kali inayochoma macho, na hadi leo siwezi kuinusa bila kusimama na kusikiliza. Ndivyo nyumba yetu ya Mount Druitt, Australia, ilivyonukia majira yale ya baridi ya korona, nilipokuwa na miaka kumi na mitatu. Mama aliyachuma kwenye miti ya mtaani, akayachemsha na tangawizi, akaiacha sufuria mlangoni mwa chumba ambamo Baba alijifungia asituambukize. Ugonjwa aliupata kwenye ghala alikofanya kazi. Mimi nilikaa sakafuni, nimeegemea ukuta wa chumba chake, nikihesabu anavyokohoa. Helikopta ya polisi ilipozunguka juu ya mapaa kutazama nani kavunja marufuku ya kutoka nje, sikuweza kumsikia mpaka ilipoondoka.

Baba alikuwa besi, sauti ya chini kabisa, katika kundi la wanaume wanne walioimba injili kwa mtindo wa kantri. Aliupenda mtindo huo tangu utotoni Kigoma, kwenye redio ya babu, akaubeba mpaka Australia pamoja na gitaa lenye ufa. Wenzake walikuwa Wakongo wawili na Mrundi mmoja, Anko Deo, aliyeimba sauti ya kwanza, ya juu kabisa. Hakuna wimbo ulioanza kabla Baba hajatoa do, noti ya kuanzia ambayo wote waliifuata. Aliinamisha kichwa, akaivuta kutoka chini kabisa ya kifua, ndefu, nzito, mpaka benchi tulilokalia likatetema. Wengine wakazijenga sauti zao juu yake. Makanisa yalipofungwa wakawa wanakutana kwenye simu ya video kila siku saa kumi jioni. Mtandao ulichelewesha sauti, hivyo waliimba kwa zamu, lakini do ilibaki ya Baba, hata alipougua. Nilipoisikia ukutani nilijua ameivuka siku nyingine. Kila siku ilikuwa fupi kidogo kuliko ya jana.

Siku ya sita do ilikatika katikati. Mama aliita gari la wagonjwa, wakaja wahudumu wawili waliojifunika plastiki toka kichwani hadi miguuni. Walipokuwa wakimpitisha ukumbini, Baba alisogeza barakoa ya oksijeni.

“Mwanangu, kesho saa kumi wape do,” alisema. “Usimwachie Deo. Deo akianza yeye, watawika wote kama majogoo.”

Mimi niliyezoea kumjibu kwa Kiingereza nilisema, “Sawa, Baba.” Mhudumu akamrudishia barakoa.

Kesho yake saa kumi niliishika simu ya Mama. Niliwaambia wale watatu alichoagiza Baba. Nilijaribu kushuka alikoshuka Baba, ikatoka pumzi tupu. Nikapanda hadi sauti ilipoweza kusimama, nikatoa do nyembamba inayotetemeka. Niliogopa Anko Deo atacheka. Alifumba macho, akaipokea.

Niliwapa do siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili hospitali ilipiga simu asubuhi. Saa kumi ilipofika hakuna aliyetaja wimbo wowote. Niliwapa do hivyo hivyo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoachiwa.

Sasa makanisa yamejaa tena, na watu wanakohoa bila jirani kugeuka. Mimi bado nageuka. Kundi halikutafuta besi mwingine. Wanaimba watatu, do bado naitoa mimi, na nyimbo zote ziko pale juu nilipoziweka siku ile. Juzi, kabla ya ibada, nilimwambia Anko Deo kwamba sauti yangu imekomaa, naweza kushuka, tuzirudishe karibu na alipozianzishia Baba. Umri umempata Anko, na kila Jumapili namwona mishipa ya shingo imemtoka, nikihofu sauti itampasukia mbele ya watu.

“Baba yako alikataza nisianze mimi,” alisema. “Hakukupa ruhusa ya kunionea huruma. Toa do, binti.”

Nikaitoa, ile ile niliyoitoa nikiwa na miaka kumi na mitatu. Wakaanza. Chini yao palibaki nafasi tupu, na benchi nililokalia halikutetema.