Boksi Lililopigwa Msasa

Kaka yangu alianguka ndani ya karakana, ameshika ubao wa mninga upande mmoja na mimi nimeshika upande wa pili. Niliona upande wake unashuka nikamwambia ainue, tena kwa ukali, maana nilidhani ananitegea. Kumbe ni kiharusi. Hospitali walipomruhusu, mkono na mguu wa kulia vilikuwa havifanyi kazi, na kinywani halikumtoka hata neno moja.

Watu wa Karatu bado wananiuliza kwa nini karakana imefungwa. Kila nikianza kueleza nashikwa na hasira katikati, naishia kusema mashine iliharibika. Si kweli. Mashine ni nzima mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma.

Tulikuwa nyuma ya gereji ya magari ya watalii, kando ya barabara inayopanda kwenda kwenye geti la hifadhi. Tulichonga milango na vichwa vya vitanda vya loji, vibao vyenye tembo na faru, na misalaba ya makaburi, kwa sababu watu hawaachi kufa hata msimu wa wageni ukiwa mbaya. Mimi nilichora kwenye kompyuta, mashine ikachonga nilichochora. Kaka aliinunua ikiwa imeshatumika, ikaja vipande vipande, akaiunga peke yake mlango ukiwa umefungwa. Mimi, dada yake wa tumbo moja, niliitwa ilipokuwa tayari inanguruma.

Si mashine ya ajabu ukiizoea. Ni meza kubwa ya chuma, na juu yake daraja linalokwenda mbele na nyuma likiwa limebeba kichwa kinachozungusha kisu. Pembeni kuna kabati la bati lenye nyaya na maboksi. Boksi moja kati ya hayo ndilo ubongo: linapokea mchoro kutoka kwenye kompyuta na kuziambia mota ziende wapi. Mafundi wanaliita kontrola. Ni lipi, kaka alijua. Mimi sikujua, na si kwa sababu sikuuliza.

Zamani alikuwa na mwenzake aliyefanya naye kazi, akamfundisha kila kitu bila kinyongo. Yule bwana akapiga picha mashine yao ya wakati ule, boksi kwa boksi, akaenda kufungua karakana yake Mbulu na kuondoka na nusu ya wateja. Tangu hapo kaka akawa mtu mwingine. Alipopata mashine hii alichukua msasa akafuta jina na namba kwenye kila kilichomo ndani ya kabati. Mafundi wengi wana tabia hiyo. Fungua redio iliyotengenezwa mjini hapa utakuta maandishi yamekwanguliwa, ili ukiiharibu tena urudi kwa yule yule. Lakini wao hukwangua vya wateja. Kaka alikwangua vya kwake, ndani ya kabati lenye kufuli, na funguo akatembea nayo shingoni.

Siku moja nilimuuliza kwa nini ananificha mimi. Alijibu bila kuacha kupiga ubao randa.

"Wakishajua wao, mimi watanitakia nini?"

Nikamwambia mimi si wao. Akacheka, akaendelea na randa yake, na funguo ikabaki pale pale shingoni.

Baada ya yeye kuugua, mama alimchukua kwenda kumuuguza nyumbani Endabash, pamoja na wifi yangu na watoto. Mimi nilibaki mjini na mashine. Ilikuwa inanitii, maana kuiwasha na kuizima nilijua. Tulikuwa na oda ya milango ya loji moja, oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, na ndiyo iliyokuwa iwalishe wale wote na kumnunulia kaka dawa. Tena nilijiapiza kwamba siku atakapopona atakuta pa kurudi. Karakana ndiyo iliyokuwa maisha yake. Bila hiyo ni mtu mzima anayelishwa uji.

Halafu mchana mmoja mvua ilinyesha, umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu. Kompyuta ikatoa harufu ya kuungua. Ikafa na programu yote ya kuendeshea mashine, ambayo kaka aliiweka mwenyewe na jina lake hakuliacha lionekane.

Sikuogopa. Nilitafuta kompyuta nyingine nikampigia simu fundi wa Arusha niliyeelekezwa na watu. Akaniambia dada, usihofu, nipigie tu picha ya kontrola pale palipoandikwa jina. Kila kontrola inasikiliza programu yake na si nyingine, kwa hiyo akishajua jina kazi imekwisha. Nikakata kufuli kwa msumeno wa chuma, maana ile funguo ilipotelea hospitalini siku walipomvua nguo.

Nilianza na boksi kubwa kuliko yote. Nchi hii mkubwa ndiye bosi, nikadhani na ndani ya kabati ni hivyo hivyo. Fundi akasema hapana, hilo linaongeza na kupunguza mwendo wa kisu tu. Nikamtumia picha ya lile lenye feni. Nalo hapana, hilo linagawa umeme. Hapo nikaanza kuwa mkali, na yeye, Mungu ambariki, hakukasirika. Aliniambia niache kutazama ukubwa. Nishike waya uliokuwa umechomekwa kwenye kompyuta, niufuate kwa kidole mpaka unapoishia. Mahali unapoishia, na ambapo nyaya nyembamba zinatoka kwenda upande wa kila mota, ndipo penyewe.

Nikaufuata. Ulipita nyuma ya kila kitu, ukashuka chini kabisa, ukaingia kwenye kijiboksi kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Nilishangilia peke yangu kama mwendawazimu. Nikapangusa vumbi kwa kanga.

Mfuniko ulikuwa mweupe kwa mikwaruzo. Mistari ya msasa imelala upande mmoja, safi, bila haraka, kazi ya mkono wa kaka ninayoijua hata nikifumba macho. Fundi akasema nifungue, ndani kuna kidude cheusi chenye maandishi. Nikafungua skrubu. Na chenyewe kilikuwa kimepigwa msasa.

Fundi alipanda gari akaja mwenyewe, akajaribu programu zote alizokuwa nazo. Kila moja ilipokataa nilimtazama usoni, naye alikuwa akitazama kwingine. Mota hazikutikisika. Akasema kufunga kontrola mpya ni kusuka nyaya zote upya na kubadilisha vitu vingi, na nilipomsikiliza nikajua gharama hiyo hatutaiweza. Kisha akauliza aliyeifunga hii yuko wapi. Nikamwambia yuko Endabash, kitandani.

Kwa hiyo jina lilikuwa limebaki mahali pamoja tu duniani, kichwani mwa kaka yangu.

Nilikwenda Endabash nikamkuta ameanza kusema. Kilichorudi kwanza ni Kiiraqw, lugha ya kwetu, tena cha utotoni: moto, maziwa, ng'ombe, mama. Kiswahili kilikuja vipande vipande, na maneno ya karakana hayakuja kabisa. Nilimwonyesha picha za maboksi kwenye simu, moja baada ya nyingine, nikimwuliza taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto ateme sarafu. Alitabasamu. Akaomba maziwa.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi, na haikuwa huruma. Ilikuwa hasira. Nilitaka kumshika mabega nimtikise mpaka jina lidondoke. Nilikuwa na sentensi moja niliyoibeba tangu siku ile nilipopangusa lile vumbi, nikiirudia nikipika na nikifagia: umejifanyia mwenyewe, kaka, na umetufanyia sisi. Nilisubiri tu apate masikio ya kuisikia.

Wifi ndiye aliyetoa wazo la kumpeleka mjini. Alisema yule anayemfanyisha mazoezi hospitalini alimweleza kwamba mikono huwa inakumbuka kilichosahauliwa na kichwa. Wenye loji walikuwa wameshanitumia ujumbe kwamba wakikosa milango wiki hiyo wataagiza Arusha. Tukaazima gari la jirani, tukampakia kaka na kiti chake cha magurudumu.

Alipoingia karakana akanusa harufu ya mbao, akakaa wima. Wifi alinishika mkono. Kaka alipapasa meza ya chuma kwa mkono wa kushoto, akapangusa unga wa mbao pembeni kama alivyozoea kila asubuhi, na mimi nikaamini. Kusema kweli niliamini kabisa. Nikafungua kabati.

Alitazama yale maboksi kama unavyotazama mizigo ya abiria mwenzako. Nilichomoa lile dogo nikamwekea kiganjani. Akaligeuza, akapaona palipokwanguliwa, akapitisha kidole gumba, akarudi, akapitisha tena. Uso wake ukabadilika. Ilikuwa hasira ya kaka yangu ninayemjua, yule anayegundua ubao umekatwa vibaya, na sikuwa nimeiona tangu aanguke.

"Nani amefanya hivi?" aliniuliza kwa Kiiraqw.

Wifi akanitazama. Ile sentensi yangu ilikuwa tayari, iko mdomoni, na huo ndio wakati niliokuwa nausubiri. Haikutoka.

"Sijui, kaka."

"Aliyefanya hivi alitutakia mabaya."

Nikamwambia hapana, pengine hakututakia mabaya, pengine aliogopa tu. Akauliza aliogopa nini. Nikachuchumaa mbele ya kiti chake ili anisikie vizuri, nikamwambia aliogopa kwamba tukishajua kila kitu, hatutamhitaji tena.

Kaka aliligeuza tena lile boksi kiganjani. Kisha akasema huyo mtu ni mjinga, akanirudishia, akaomba apelekwe kwa mama.